Siku Niliyozima Simu

Jumanne usiku.

Eti nipumzike! Daktari kasema kugombeza watu ndiko kunakonipandisha presha, nizime simu mpaka jioni. Nikazima. Saa nane mchana mvua ikashuka, na dagaa wangu wote wameanikwa kwenye chanja kule mwaloni, ufukweni mwa ziwa. Wafanyakazi wenyewe hata kufagia huniuliza kwanza. Nikawasha simu, nikapiga.

"Shikamoo, mzee," akasema Bhoke, msimamizi wangu.

"Marahaba ya nini! Dagaa?"

"Tumeshawaanua. Hata mmoja hajalowa."

"Nani kawaruhusu?"

"Wingu, mzee. Wewe hukupatikana."

Nyuma yake nikasikia wanacheka. Nikakata.

Nimewatafutia kosa tangu hapo, sijaliona, na kichwa kinagonga kuliko asubuhi. Kwa daktari nitasema nini? Kwamba watu wangu wamefanya vizuri, ndiyo maana naumwa?