Kadi 1874 Ilikuwapo

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 16, baada ya kifungua kinywa.

Mpendwa mwanangu Chapuchapu,

Pokea salamu za shangazi yako, tena nyingi. U hali gani huko? Kikohozi cha mwezi uliopita kimeisha? Unakula? Nauliza kwa sababu nakujua: ukiwa na jambo moyoni, chakula unakisukumasukuma tu pembeni mwa sahani. Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto bado linagombana na ngazi, na jino lililong'olewa limeacha pengo ninalolichezea kwa ulimi mchana kutwa. Lakini nipo, natembea, na maneno yangu hayajapungua.

Baba yako mzima pia, ila amepoa. Alikuja jana akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti, akaniambia umechukua fomu ya kuacha chuo, na kwamba inatakiwa irudi ikiwa na sahihi yako Ijumaa ya tarehe 28. Muhula mmoja tu umebaki. Anasema hujagusa kompyuta wiki tatu sasa, na umemwambia kwamba mtu aliyemdhuru mgonjwa kwa programu yake hana haki ya kuandika nyingine.

Mwanangu, kabla hujatia sahihi, soma barua hii hadi mwisho. Aliyekosea ni mimi, si wewe. Nimelitanguliza hilo ili usiruke kurasa kulitafuta, maana haraka zako ndizo zilizokupa jina.

Habari uliyoipata kwa simu ya kaka yako ni nusu. Siku ile nilikuwa nimekwenda kung'olewa jino, na kwenye dirisha la chumba cha kadi, hapo kituoni kwetu cha afya, alibaki yule binti karani mpya peke yake. Akaja Fundi Saa, yule mzee mrefu anayetengeneza saa mkabala na duka la vitabu, ambaye anatibiwa kwetu tangu wewe ukibebwa mgongoni. Akataja namba yake, 1874. Binti akaiandika kwenye programu uliyotutengenezea likizo ile. Skrini ikajibu: Hayupo. Akaiandika tena, jibu likawa lilelile.

Basi akafanya alivyofundishwa. Akamfungulia kadi mpya, nyeupe pe, isiyo na ule mstari mwekundu unaotaja dawa isiyopatana naye. Mzee akaandikiwa dawa hiyohiyo. Uso ulimvimba, pumzi ikambana, akalazwa siku tatu. Alhamdulillahi na ashukuriwe Mungu kwa majina yake yote, alitoka salama na amerudi mezani kwake.

Mimi niliporudi kazini na shavu langu kama nimeficha yai, nikasikia, nikapandwa na hasira. Nikasema mbele ya watu, kaka yako akiwemo, "Hiyo programu ya mtoto ndiyo imetuponza." Najua neno hilo lilikufikia, kwa sababu tangu siku hiyo hupokei simu yangu. Nimelijutia. Nisamehe, mwanangu. Sikutaka kupita hapa bila kuliomba hilo.

Lakini jambo moja lilinikera. Kama programu ni mbovu, mbona kwa miezi minne ilizipata kadi zote tulizoiuliza? Nikalichukua daftari lako la jalada la kijani ulilolisahau juu ya kabati, nikajiambia kwamba mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu hawezi kuandika kitu nisichoweza kukielewa. Yalikuwa majivuno matupu, ila yalinisaidia kufungua ukurasa wa kwanza.

Nilianza kitandani, na kadi kumi na tano tupu. Nikaziandika namba, nikazipanga kwa mstari kuanzia ndogo hadi kubwa, nikazifunika. Ukitafuta namba, unafunua ya katikati. Ikiwa ni ndogo kuliko unayoitaka, basi zote za upande wa kushoto hazina kazi tena, unazisukuma pembeni. Unafunua ya katikati ya zilizobaki. Kila ukifunua, nusu inaondoka. Kadi kumi na tano, sikuwahi kufunua zaidi ya nne. Kadi zetu zote 3,218, hesabu inasema sitafunua zaidi ya kumi na mbili! Nikakumbuka kwamba hata mkono wangu hufanya hivyo bila kuniuliza, maana sijawahi kuanzia kadi ya kwanza kutafuta ya elfu mbili.

Kisha nikaingia kwenye maandishi yako ya Python, hiyo lugha yenu ya kuiamuru kompyuta. Nayanakili hapa kwa mkono ili ujue sisemi kwa kusikia.

def tafuta(kadi, namba):
    chini = 0
    juu = len(kadi) - 1
    while chini <= juu:
        kati = (chini + juu) // 2
        if kadi[kati] == namba:
            return kati
        elif kadi[kati] < namba:
            chini = kati + 1
        else:
            juu = kati - 1
    return None

Ile None ya mwisho ndiyo skrini inayoiandika Hayupo. Nimeelewa pia kwamba mnahesabu kuanzia sifuri, watu wa ajabu nyinyi, kadi ya kwanza mnaiita ya sifuri. Hilo nimelikubali kwa shingo upande.

Nilipojaribu kuiandika mwenyewe bila kutazama daftari, nikaandika chini = kati, nikaacha ile moja. Niliona ni urembo. Kompyuta ikanyamaza, feni ikavuma, binti karani akaniuliza nimeifanya nini. Kumbe zilibaki kadi mbili, nayo inafunua ileile ya kwanza, inaiona ni ndogo, inarudi kuifunua tena, na tena. Ungeiacha ingekuwa inaifunua hadi leo. Ile moja maana yake ni kwamba kadi uliyokwisha kuitazama, unaiweka chini.

Binti akanionyesha jinsi ya kuongeza mstari wa print ili programu itaje kila kadi inayoifunua. Nikairudisha kazi yako kama ilivyokuwa, nikaandika 1874, nikashika kalamu. Ikafunua 1790. Ndogo. Ikafunua 2690. Kubwa. Ikafuata 2241, 2013, 1901, 1846, 1873, 1887, 1880, 1877, na mara ya kumi na moja 1875. Hapo ikasema Hayupo.

Programu yako ilikuwa imesimama kati ya 1873 na 1875. Ilikwenda mahali palepale, mwanangu, bila kukosea hatua hata moja, ikakuta pengo. Kadi haikuwa mahali pake. Na mimi peke yangu kituo kizima ndiye niliyejua iko wapi.

Ilikuwa kwenye droo ya kulia ya meza yangu. Ile droo unaijua, ulikuwa unaficha peremende humo. Kwa miaka ishirini na sita nimeweka mle kadi za wale wanaokuja kila wiki, wenye sukari, wenye presha, wasioweza kusimama kwenye foleni. Nikimwona mtu anaingia mlangoni, kadi yake tayari iko mkononi mwangu. Sikuzipanga kwa namba hata siku moja. Nilizipanga kwa miguu yao, anayeumwa zaidi mbele.

Ulipotwambia tuingize namba zote kwenye kompyuta, nilianza na kilicho karibu. Droo kwanza, kadi arobaini na saba, kisha shelfu kwa mfuatano wake. Nawe ukanipigia simu makusudi ukaniuliza kama orodha nimeipanga, ndogo hadi kubwa. Nikakujibu kwamba nilianza kupanga kadi kabla hujaota meno. Ukacheka, ukaniamini. Ungefanya nini, mtoto wa watu?

Na kwa miezi minne halikuonekana kosa, kwa sababu kadi za droo simuulizi mtu, nazichomoa tu. Ilibidi nikosekane siku moja ndipo kompyuta iulizwe habari za wazee wangu. Nimezijaribu zote arobaini na saba moja baada ya nyingine. Ilizipata mbili, nazo kwa bahati.

Najua utasema ungeweza kuongeza mistari miwili ya kukagua kama orodha imepangwa, na isipopangwa ikatae kufanya kazi. Ni kweli, ungeweza. Njoo uiongeze. Hiyo ni kazi iliyobaki, haikufanyi muuaji.

Jumatatu niliingia kwa daktari mkuu na karatasi yangu, nikamweleza kila kitu, droo na jibu nililokupa kwenye simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Nimepewa barua ya onyo, ya kwanza tangu nianze kazi. Iliniuma, sikufichi, nilikwenda chooni nikalia kidogo nikanawa uso. Lakini ni yangu na nimeipokea. Jina lako limeondolewa kwenye taarifa iliyoandikwa kuhusu Fundi Saa, nimeona kwa macho yangu likikatwa.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, kwenda kwa Fundi Saa. Nilimkuta na ile lenzi jichoni, anakaza skrubu ndogo kama punje ya mchanga. Nikamwambia kosa ni langu. Hakuinua kichwa. Nikarudia. Ndipo akaitoa lenzi.

"Uvimbe umekwisha," akasema. "Lakini mliniandikia kadi mpya kama mgeni. Miaka yote hii, mnaniambia sipo?"

Nilisimama tu na mkoba wangu. Akarudi kwenye saa yake, akafanya kazi kidogo, kisha akauliza, "Na yule mtoto aliyetengeneza hiyo programu, ameshaambiwa kwamba si yeye?"

Nikasema bado.

"Sasa hapa kwangu umesimama unafanya nini? Nenda kamwandikie!"

Basi ndiyo maana leo sikufua wala sikwenda popote, nimekaa na kalamu.

Orodha nimeipanga sasa. Nilikuwa nimejiandaa kukaa siku nzima kuhamisha namba moja moja, binti akaandika mstari mmoja, kadi.sort(), ikawa tayari kabla sijavaa miwani. Nilikasirika kidogo, miaka ishirini na sita ya vidole vyangu ikifanywa kwa pumzi moja. Droo yangu sijaivunja. Wazee bado wana kadi zao karibu, ila kila namba iko mahali pake kwenye orodha, na pembeni imeandikwa kwamba kadi yenyewe iko mezani kwangu. Programu yako sikubadilisha herufi hata moja. Nikaandika 1874, ikaipata. Nikaandika zile nyingine za droo zote, ikazipata zote.

Baba yako anakusalimu sana. Kaka yako dereva anakusalimu na anaomba radhi kwa mdomo wake mwepesi. Binti karani anakusalimu, alikuwa akijilaumu naye, nimemtuliza, na sasa ananisumbua nimwombe umfundishe. Fundi Saa hakutuma salamu, lakini aliniuliza unasoma mwaka wa ngapi, na kwa mtu kama yule hizo ni salamu.

Nilitaka kufunga hapa, ila kuna kadi moja sijakwambia. Ile ya arobaini na saba, ya nyuma kabisa kwenye droo, ni yako. Namba 2316. Mtu akihama, kadi yake hupelekwa stoo baada ya mwaka mmoja. Ndiyo sheria, na msimamizi wake ni mimi. Yako ina miaka minne humo. Ina uzito wako wa siku ya kwanza, ina surua, ina ule mkono uliovunja ulipokimbia ngazi kwa haraka zako. Sikuweza kuipeleka stoo, nikawa najiambia nitaipeleka mwezi ujao.

Nilipokuwa nazijaribu kadi za droo kabla ya kuzipanga, niliandika na yako. Skrini ikasema Hayupo. Sababu naijua, nimekueleza hapa yote, na bado nilishtuka nikaondoa mkono kwenye kompyuta.

Ijumaa jioni, orodha ikiwa imeshapangwa, niliiandika tena, ya mwisho, kabla sijafunga dirisha. Ikagawa nusu, ikagawa nusu, kisha ikaandika: Yupo.

Usiirudishe ile fomu, mwanangu. Mungu akulinde, akurudishie usingizi na hamu ya kula. Na simu yangu ikilia huko kwako, pokea.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata siku ninayokosea.