Nasieku Asitie Sahihi

Noonkopir, Kitengela,
14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Timpiyan,

Pokea salamu za nyumba nzima ya marehemu baba. Natumaini mvua ya huko Galway, Ayalandi, imeyahurumia magoti yako, na kwamba huko wodini wamekupunguzia zamu za usiku kama walivyokuahidi. Sisi tu wazima. Mama angali anaamka kabla ya ng'ombe, na kaka yetu Leshan amerudisha mifugo kutoka Mashuuru baada ya nyasi kupatikana huku. Baridi ya Juni imeingia pamoja na vumbi la malori ya mawe. Tunakohoa, ila tunakohoa tukiwa tumesimama.

Barua hii nimempa Parsaoti, anayesafiri kuja huko keshokutwa. Nimechagua kalamu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza nami hupandisha sauti, na jambo hili lataka kusikilizwa hadi mwisho. Linamhusu mwanao Nasieku.

Unakumbuka ulivyoudhika Mama alipokuambia kuwa Nasieku amekuwa na kiburi. Alikuja Pasaka kutoka chuo cha uuguzi, akasimama mlangoni, na badala ya kuinamisha kichwa ili Mama amwekee kiganja kama tulivyolelewa sote, akasalimu kwa mbali kama mgeni wa serikali. Mama aliumia. Alimwambia Leshan, "Huyu amesoma mpaka kichwa kimekuwa kizito kuinamisha." Leshan akacheka, wewe ukampigia mtoto simu ukamkaripia, na sote tukaridhika kwamba tumeielewa shida.

Hatukuelewa kitu. Nilianza kushuku nilipoona ana kikombe chake na sahani yake, anaviosha peke yake na kuvificha nyuma ya debe la unga. Nilimwita tukawa tunachambua maharagwe, nikamuuliza bila kumtazama. Akasema, "Anti, naogopa nitawaambukiza."

Timpiyan, mwanao alichomwa na sindano iliyotumika wodini mwezi Machi.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo nitakueleza kama ilivyokuwa. Katika hospitali walikopelekwa kwa mafunzo ya vitendo, makasha ya kutupia sindano zilizotumika yalikuwa yameadimika. Ikawa desturi ya wodi ile kuzifunika sindano tena kwa vifuniko vyake na kuziweka kwenye beseni mpaka kasha lipatikane. Desturi hiyo darasani wanaambiwa ni mwiko. Wodini wanaambiwa ndiyo kazi. Nasieku alifunika kama alivyoagizwa, na sindano ikapenya glavu. Mgonjwa alikuwa amekwisha kuhamishwa, wala hakuna aliyejali kutafuta hali yake ya kiafya.

Alikwenda kuomba dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi. Msimamizi wa wodi akamjibu kwamba utaratibu ule ni wa wafanyakazi, na kwamba mwanafunzi aende chuoni kwao. Chuoni wakamwambia arudi hospitalini, maana ndiko alikoumia. Walimrusha hivyo kama mpira wa matambara hadi muda wa dawa ile kufaa ukapita.

Kuna muuguzi mmoja, Keziah, aliyemkuta akilia kwenye stoo ya mashuka. Alimshika mkono akamwambia, "Nyamaza, mama. Hata mimi nilichomwa mwaka juzi. Ukisema sana utaitwa mzembe." Nilipolisikia hilo lilinichoma kuliko majibu ya wakubwa. Huyu ni mwanamke anayebeba wodi nzima peke yake zamu hata zamu, na faraja pekee aliyo nayo ya kumpa binti mdogo ni kumfundisha kunyamaza. Tumewafanya wauguzi wetu kuwa watu wa kuficha majeraha, halafu tunashangaa wanapokuwa wakali kwa wagonjwa.

Ndipo Nasieku akaacha kulala. Anajua vizuri kuliko wewe na mimi kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kiganja kichwani. Amelijibu swali hilo katika mtihani akapata alama zote. Lakini hofu haisomi vitabu. Aliacha kwenda wodini kwa sababu hakuweza tena kuvumilia kuliona beseni lile. Aliniambia kuna asubuhi hakuona haja ya kuamka. Sitaki uipite sentensi hiyo haraka.

Nimempeleka kwa mshauri nasaha mjini Kajiado, na ataendelea. Amekuwa akilala nyumbani kwangu tangu siku aliyonieleza. Kipimo cha kwanza ni safi; cha mwisho bado. Anakula, na juzi alimcheka Leshan alipoanguka akimkimbiza ndama.

Sasa chuo. Chuo kimemwita mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Wameandika barua tayari, wanataka atie sahihi tu: kwamba alitoroka mafunzo, kwamba alishika sindano kizembe, na kwamba anaomba radhi. Akitia sahihi, atarudi darasani. Akikataa, atafukuzwa.

Katika mkutano wa wazazi nilisimama nikauliza ni nani atakayemwomba radhi yeye. Mkuu wa chuo, mtu mpole wa suti, alinijibu, "Mama, uuguzi ni wito." Nikamwambia, "Mwalimu, hata mwenye wito huvaa glavu." Wazazi walicheka, naye akacheka nao. Mimi sikucheka. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na sijapata kuona mwalimu akimtuma mtoto penye hatari kisha akamwadhibu kwa kuumia.

Wewe pia sitakuacha. Ulipoambiwa habari ya kamati, nawe hujui habari ya sindano, ulimwandikia, "Jikaze, tia sahihi umalize, sisi sote tulivumilia." Nakuuliza kwa upendo: tulivumilia ili iweje? Huko uliko, ukichomwa leo, utatibiwa kwanza na kuulizwa baadaye. Haki unayoipata wewe ugenini mwanao amenyimwa kwao. Usiwe wewe wa kumwambia ni kawaida.

Keziah amekubali kuja nami mbele ya kamati aseme aliyoyaona, hali akijua huenda akaonewa kazini. Leshan atakuja na fimbo yake, nimemwomba aiache getini. Aliyebaki ni wewe, mama yake, yeyo wake. Nasieku ameniambia, "Yeyo akisema nitie, nitatia." Ndivyo tulivyomlea, na ndiyo maana neno lako ni zito kuliko hotuba zangu zote.

Kwa ruhusa yake nilimweleza Mama. Alijifunga shuka, akamfuata jikoni. Hakungoja ainamishiwe, alinyoosha mkono akamwekea kiganja utosini, akakiacha hapo mpaka mtoto alipomwegemea. Kisha akakichukua kile kikombe cha kufichwa, akanywa chai iliyobaki, akasema, "Sukari ni kidogo." Tangu hapo kikombe hicho kimekaa kabatini pamoja na vingine.

Mpigie simu kabla ya Ijumaa hiyo. Usianze na mitihani. Muulize amelalaje, umsikilize. Kisha umwambie kwa kinywa chako kwamba kichwa chake ni cha kuinamishia baraka ya bibi yake, si uongo wa chuo, na kwamba asitie sahihi.

Nisalimie shemeji yangu Simel, na wanangu wote hapo. Mama anakubariki, na anasema Nkai, Mungu wetu, akupe usingizi mwema, akulinde mikono.

Mimi dada yako nikupendaye hata nikikasirika,

Zipporah