Ndege za Kungojea

Albertville, Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili 1965

Mama Elisabeth, mzazi wangu,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na wote wanaoota moto nyumbani kwako huko Kirungu. Goti lako linaendeleaje na baridi ya milimani? Maharage yamekwisha kuanikwa? Nauliza pia hali ya kaka Théophile na mke wake, na kama mutoto ameanza kutembea. Mimi ni mzima, ninakula vizuri, na kazi yangu ya radio katika biro ya bandari inaendelea. Nakuandikia nikiwa na furaha isiyotaka kukaa kifuani. Tafadhali kaka akusomee polepole, na asiruke mahali.

Bila shaka wasafiri wa Moba wamekwisha kukuletea habari ya ndege iliyotetemesha mabati ya mji huu. Ni kweli, ilikuja. Ni ndege ya vita, ya jeti, haina pangaboi, na unapoisikia imekwisha kupita. Ililetwa na mfanyabiashara mmoja mgeni pamoja na rubani wake. Nyuma yake ikafika komisioni ya jeshi kutoka Léopoldville, mkubwa wao koloneli, kuangalia kama serikali inunue ndege za namna hiyo ziwe za kungojea tu, yaani zitulinde mpaka vijana wetu waliopelekwa Ulaya kusomea urubani watakaporudi.

Jumatano tuliitwa katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli: watu wa bandari, wa reli, wa uwanja wa ndege, na wakubwa wa mitaa. Bwana Eugène, mkubwa wangu, alinichukua kwa sababu ya mambo ya radio. Wa kwanza kusimama alikuwa Papa Anatole wa stesheni. Unajua kwamba waasi walipoingia mwaka jana walimuua mwanawe Gaspard mbele ya mlango wake. Alisema mji mzima ulikaa ukiangalia juu, ukingoja msaada, na mbingu zilikuwa tupu. Akamaliza kwa sauti ndogo: "Muntu anayezama haulizi kamba ni ya nani." Mama, sitakuficha, mimi nilikuwa upande wake. Nilisema moyoni, zinunuliwe, hata leo.

Ndipo akasimama Kapiteni Edmond. Huyu ni mutoto wa hapa, amezaliwa katika kambi ya reli, naye ni mmoja wa Wakongo wachache wanaorusha ndege. Yake ni ya zamani, ya pangaboi, ina viti viwili kimoja nyuma ya kingine, na mwendo wake si wa kujivunia. Hakugomba na Papa Anatole. Alimpa pole kwanza, kisha akamgeukia mfanyabiashara akamuuliza nani atarusha hizo jeti. Akajibiwa kwamba ni marubani wa kampuni. Na nani atazitengeneza? Mafundi wa kampuni. Na wakiamriwa na jeshi wapige au wasipige, watamsikiliza nani? Yule mgeni alitabasamu akasema kila kitu kitakuwa katika mapatano. Edmond akawaomba radhi mama zetu waliokuwepo, halafu akasema wazee walikwisha kusema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Watu walicheka, hata koloneli, lakini Papa Anatole hakucheka.

Mama Viviane, mkubwa wa wauzaji samaki, aliuliza jambo moja tu: ndege ikipita mbio namna ile, itajuaje boti ya wavuvi na boti inayoletea waasi bunduki? Mgeni akasema kwamba katika vita, mbio njo uzima, yaani aendaye kasi ndiye anayepona. Hilo halikuwa jibu, na kila muntu aliliona, lakini mkutano ukafungwa.

Alhamisi ziwa lilichafuka. Boti mbili za Wabembe zilikuwa zinatoka kaskazini, zimejaa wavuvi na familia zao, wakikimbia vita na kutaka kusali Pasaka kwa ndugu zao hapa. Moja ilifika asubuhi ya Ijumaa Kuu. Ya pili haikuonekana. Mzee Bonaventure, nahodha wa ile iliyofika, alisema waliiona mara ya mwisho motere yake imekufa na upepo unaisukuma mbali.

Mfanyabiashara akaona bahati yake imefika, akaitoa jeti iende kutafuta. Iliruka vizuri sana, siwezi kuisema vibaya kwa hilo. Ikarudi upesi, maana inakunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji. Rubani akasema familia hakuziona, bali ameona boti ya waasi, watu wamelala ndani na bunduki zimesimama. Jeti ilikuwa na risasi, kwa kuwa walikusudia kuonyesha Jumamosi jinsi inavyolenga. Akaomba ruhusa arudi akaipige.

Nilikuwa nimesimama hapo uwanjani na radio yangu. Koloneli aliangalia ziwa, akamwangalia rubani. Kama ni waasi kweli na akawaacha, watashuka mjini kwetu. Edmond akapiga saluti, akaomba aende yeye kwanza, aangalie kwa macho yake. Mgeni alisema hiyo ni kupoteza wakati. Ndipo Papa Anatole, ambaye hakuna aliyemwita pale, akasogea mbele ya koloneli akasema: "Mwacheni mutoto wetu aone kwanza. Mimi nimezika mmoja. Sitaki kuwa nimeomba ndege ya kuzika wa wengine." Koloneli akakubali.

Edmond akaondoka, na muntu mmoja katika kiti cha nyuma wa kuangalia chini. Waliikuta ile boti mbali na pwani. Bunduki zilikuwa miti ya kutandazia nyavu, imefungwa wima ili kushika turubai. Waliolala walikuwa wamama na watoto, wamechoka kuchota maji. Sauti ya Edmond ikafika kwenye radio: ni watu wetu, leteni boti. Ile kubwa ya bandari inayokokota tishali ikatoka na Bwana Eugène mwenyewe, na kabla jua halijatua wote walikuwa gatini, wazima, hata bibi mmoja kipofu ambaye Papa Anatole alimbeba mgongoni. Mama Viviane alianzisha wimbo, na kengele za kanisa, ambazo siku ile hazipigwi, zikalia; nadhani Padri mwenyewe aliisahau sheria.

Jumamosi jeti ikaondoka na mwenyewe. Koloneli alitukusanya akasema atawaandikia wakubwa Léopoldville kwamba hashauri kununua: fedha hiyo isomeshe vijana zaidi na mafundi wao, na wakati wa kungojea tutangoja na za kwetu, hata zikiwa kuukuu. Papa Anatole alisema jeti bado anazitaka, siku watakapokaa ndani yake watoto wa hapa. Tulimpigia makofi.

Sasa, Mama, jambo lililonifanya niombe usomewe polepole. Yule muntu wa kiti cha nyuma alikuwa mimi. Muntu mwingine alishika radio uwanjani, kwa sababu Edmond alitaka macho yaliyokulia katika boti za wavuvi, kama haya yangu kule Moba. Najua uliniapisha nisiguse ndege kamwe, tangu siku ile zilipotukimbiza mpaka ndani ya mihogo, ukanilalia juu mpaka zikapita.

Tulipopita mara ya kwanza, watu wa boti walijitupa chini wakafunika vichwa, vile vile kama sisi. Nililia, Mama. Edmond akapunguza mwendo, akashuka karibu na maji, nami nikafungua kioo, nikatoa mkono wote, nikawapungia na kupiga kelele kwa Kibembe, kile nilichojifunza kwa wavuvi, ingawa najua hawakunisikia. Mama mmoja akainua kichwa. Akatazama. Kisha akasimama, akamwinua mutoto wake juu ili nimwone.

Koloneli na komisioni yake wamenichagua kwenda shule ya marubani. Edmond, atakayenipeleka, amesema hatanichukua bila neno lako. Ninakuomba neno hilo. Nataka kuwa ndani ya ndege ambayo watu wakiiona wanasimama.

Unisalimie kaka, shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Mungu alishike goti lako na moyo wako. Nabaki kungoja jibu lako.

Mwanao,
Hubert