Mashavu ya Bibi Harusi

Ijumaa. Mawingu tangu asubuhi, mvua imegoma, joto lile la kunata. Nimeamka vidole vimejifumba kama vya mtoto mchanga. Nilikaa kitandani nikavifungua kimoja kimoja, mume wangu akijifanya amelala ili nisione anavyonionea huruma.

Leo nina huzuni, na nitaiandika yote.

Kwa wageni wa blogu hii: mie nina baridi yabisi. Mwaka jana nilifika mahali siwezi kufunga sidiria yangu mwenyewe. Daktari akanipa vidonge vya steroidi, na wallahi, haikupita wiki nikawa nafua mashuka. Nililia kwa furaha. Sasa sukari imeanza kupanda, mifupa nayo inatiliwa shaka, kwa hiyo ananishusha dozi kidogo kidogo huku dawa nyingine ikijaribu kushika kazi. Hiyo nyingine haina haraka hata chembe. Kila ngazi ninayoshuka, nayakuta maumivu yamekaa pale chini yananisubiri.

Kuna jambo sijawahi kuliandika humu. Vile vidonge vilinivimbisha uso. Mashavu yakawa duara, shingo ikajaa. Mie nikijitazama kwenye kioo naona ugonjwa, mtaa mzima wa huku Wazo unaona raha. Umenawiri dada! Shemeji anakutunza! Mama mdogo, ambaye alitulea baada ya mama kufariki, alinipokea mlangoni kwa kigelegele. Sasa utamkalisha nani chini umweleze? Nilicheka tu, nikasema namshukuru Mungu.

Tangu dozi ianze kushuka, mashavu yamenywea. Siku hizi naulizwa kwa sauti ya chini kama nimepima.

Leo ilikuwa siku ya kumsinga mdogo wangu Rukia. Anaolewa Jumapili, na amewekwa ndani kwa mama mdogo kule Temeke. Huyu Rukia nimemwogesha mie tangu hajui kutembea, nikamsuka, nikamkata kucha. Nilishamwahidi kwamba siku yake ikifika, mikono itakayompaka singo ya karafuu na mawaridi na kumsugua ni hii yangu.

Asubuhi niliishika pakiti ya dawa muda mrefu. Vidonge viwili vya ziada tu na mikono ingefunguka, nani angejua? Lakini daktari alishanionya: usipandishe wala usiache mwenyewe, maumivu yakizidi piga simu. Nikapiga. Akasema nibaki ngazi hii hii, nisishuke tena kwanza, na Jumatatu nifike kliniki nimwone. Nikameza kile kilichopangwa. Nilikasirika njia nzima mpaka Temeke, na mume wangu masikini, aliyekuwa ananiendesha, ndiye aliyekoma.

Mama mdogo hata hakumaliza kuitikia shikamoo yangu. "Marahaba, mwanangu, mbona umekwisha hivi? Ule mwili wako uko wapi?" Akaniona nimeshika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, akasema basi amsinge yeye. Nikamwambia sitaki. Nilisema kwa ukali, mpaka wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakageuka. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Rukia alikuwa mkekani na kanga moja, chumba chote kinanukia karafuu na mawaridi. Vidole havikuweza kukandamiza, nikawa nasugua kwa kitako cha kiganja, mkono ukichoka naubadilisha.

"Dada, unanisinga au unanipapasa?"

Tukacheka. Machozi yalinitoka, nikasingizia karafuu.

Kisha kiganja kikafika nyuma ya shingo yake.

Kulikuwa na kinundu laini, pale shingo inapokutana na mgongo. Nakijua kile kinundu, nimelala nacho mwaka mzima. Nikamgeuza nimtazame vizuri. Yale mashavu ambayo tangu mahari iletwe wote tunasema harusi imemkubali. Nikafunua kanga kidogo, na tumboni kuna michirizi mipya ya zambarau, kama yangu.

"Rukia, unameza nini?"

Aliinama kwanza. Halafu akaingiza mkono chini ya godoro akatoa pakiti. Kumbe siku moja alipokuja Wazo alichukua pakiti yangu tupu, akaenda kuionyesha duka la dawa, wakamuuzia. Amekuwa akimeza kila siku tangu posa. Anasema wifi zake walikuwa wanamcheka wembamba, na mie kila nikipita nasifiwa.

"Nilijua unaumwa vidole, dada. Sikujua na uso nao ni ugonjwa."

Nikaichukua pakiti mkononi mwake.

Nataka niseme kweli hapa, maana kwingine kote siwezi. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Niliviona vile vidonge, vile vile, pakiti karibu nzima, na mate yakanijaa mdomoni. Mdogo wangu analia mbele yangu, mie nawaza kwamba nikivipata hivi nitalala usingizi leo. Mungu anisamehe.

Baadaye ndipo nikataka kumnyang'anya nikavitupe chooni. Hilo nalo haliwezekani. Mwili uliokwisha kuvizoea vidonge hivi ukikatiwa ghafla unaweza kuanguka vibaya, nimeelezwa mpaka nimekariri. Nikampigia daktari mara ya pili kwa siku moja, nikiona aibu kama vile mwizi ni mie. Aliuliza anameza kiasi gani na kwa muda gani. Akasema asiache, aendelee hivyo hivyo, akizidiwa au akitapika asingoje, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na Jumatatu tuje wote wawili.

Basi pakiti nikamrudishia. Mie, niliyeamka leo nikivitamani, nilivichukua kwa mikono yangu nikamwekea kwenye kiganja chake nikamwambia cha kesho usikose kumeza.

Akaniuliza kama naye akishushwa ataumwa kama mie. Nikamwambia sijui. Vidole vyako ni vizima, huenda usiumwe hivi, lakini mwili utachoka, utalalamika. Na uso utarudi ulivyokuwa, na watu watasema. Hilo la watu ndilo lililomliza zaidi, mpaka singo ikalowa mashavuni. Akaniomba mama mdogo asijue mpaka Jumapili ipite. Nimekubali, na sijui kama nimefanya vizuri.

Nikamalizia kumsinga. Ilichukua muda mrefu sana. Mgongo, mabega, miguu, mpaka nyayo. Mwishoni nilikuwa nasugua kwa kigasha cha mkono kwa sababu viganja navyo viligoma. Hakunitania tena.

Sasa nimerudi nyumbani, naandika kwa kidole gumba kimoja kwenye simu. Mume wangu ameniletea beseni la maji ya moto, nimetumbukiza mkono wa kushoto. Kulia bado kunanukia karafuu. Natamani vile vidonge hata sasa hivi, siwezi kujidanganya.

Ila kuna kitu hakinitoki. Tulipomaliza kule Temeke nikafungua mlango, mama mdogo aliingia, akamshika Rukia kidevu, akawaita wenzake. "Njooni mwone mwanangu alivyonawiri!" Chumba kikajaa vigelegele. Rukia akanitazama juu ya mabega yao, macho mekundu, anatabasamu.

Jumapili watampigia tena vigelegele, ukumbi mzima. Na dada wa bibi harusi hakai kimya, wote watanigeukia wanisikie. Hivi nitakitoa, hicho kigelegele?