Ujumbe wa Claudine Ambao Sikuufikisha

Mama Claudine,

Najua ulitukataza kukuita hivyo. Kwa miaka mitatu ulitaka tukuite Devota tu, na mwenzetu Gaspard aliposahau siku moja ulimnyima miche ya kabichi msimu mzima. Lakini barua hii siwezi kuianza kwa jina jingine. Nina jambo la kukuambia, na linamhusu binti yako.

Kwanza bustani, maana ungeiuliza kabla ya kuuliza afya yangu. Karoti zimekubali. Nyanya zimekufa karibu zote, mvua ilizidi. Zamu za maji bado zinatugombanisha, watu kumi wa bomba moja, na wewe hupo wa kusimama katikati na bidoni lako la maji, lile la njano, ukisema, “Kila mutu na zamu yake, bon, imeisha.” Wamenichagua mimi nishike nafasi yako. Nilikataa mara mbili. Gaspard akasema wewe na mimi ndio tulioyaokota mawe ya volkeno hapa kwa mikono, wakati mwenye kiwanja alipotuazima na majirani wote walituona wendawazimu, kwa hiyo nisijifanye mgeni. Nikakubali. Asubuhi nalima, mchana narudi kwenye cherehani yangu na kucha zenye udongo mweusi, na wateja wanalalamikia vitambaa vyao.

Sasa hilo jambo.

Wiki tatu kabla hujaanguka, Claudine alinipigia simu kutoka Nyamyumba. Sauti yake niliitambua kabla hajajitaja. Aliniambia, “Mama Sauda, muulize mama kama naweza kuja. Niko na mtoto sasa.” Nikamwambia nitakuuliza. Nilikuwa na furaha, Devota, nilitaka kukimbia nije nikuambie hapo hapo.

Nilikukuta bustanini umenuna kwa ajili ya maji. Nikasema nitangoja kesho. Kesho yake ulikuwa unapanda vitunguu, unaimba, nikafungua mdomo: “Kuna mtu kanipigia simu.” Ukaniangalia. Nadhani ulijua. Ukasema, “Mambo ya nyumba inabakia kwa mulango. Leo uniache nifurahi kidogo.” Ilikuwa sheria yako hiyo, na sote tuliifuata, kwa sababu ndiyo iliyowezesha watu waliochukiana kulima matuta yaliyopakana. Nikashika jembe.

Nilijua pia ulivyoumia. Binti yako wa pekee kwenda kuishi na mvuvi bila posa, bila neno, na wewe kuzisikia habari hizo kwa wauza samaki pale mpakani Petite Barrière mbele ya wenzako, beseni la mboga kichwani. Uliniambia siku ile, “Amenipita kama vile mi siko.” Niliogopa kukigusa kidonda hicho siku mbaya. Nikawa natafuta siku nzuri. Claudine akapiga tena: “Amesema nini?” Nikamjibu, “Subiri kidogo, mwanangu.” Hakupiga tena.

Alhamisi ukaanguka kati ya matuta. Bidoni lilikuwa bado mkononi mwako. Daktari alisema ni presha. Siku mbili hospitalini hukusema neno, na siku ya pili nilikuinamia sikioni nikakuambia yote: Claudine amepiga, ana mtoto, anaomba kuja. Hukufumbua macho. Sijui kama ulisikia. Sijui kama kusema namna ile ni kusema. Nikatoka nje nikampigia aje haraka. Alifika kwa pikipiki, mtoto mgongoni, wakati wameshakufunika shuka.

Kule Nyundo, tulipokuzika, alisimama nyuma ya watu wote. Wachache walimsalimia. Mimi nilimshika mkono na sikuweza kumtazama.

Mwezi ulipopita, wanabustani walitaka kugawana matuta yako. Unajua kanuni, uliiweka wewe mwenyewe: tuta lisilo na mtu mwezi mzima linarudi kwa wote. Tulikutana Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tumemaliza kuzibua mtaro, majembe bado mkononi. Claudine akatokea. Hakuomba matuta. Aliomba karoti tu, zile ulizopanda wewe, azivune akazipike nyumbani kwake. Gaspard, na si mtu mbaya, alimwambia mbele ya wote, “Mama yako alikungoja miaka mitatu. Leo unakuja kwa karoti?”

Sikuweza tena, Devota. Nilisema. Nikawaeleza simu ya kwanza na ya pili, na kwamba mimi ndiye niliyekaa na ujumbe huo wiki tatu nzima. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, maana ningesema kwa sauti yangu nisingemaliza.

Claudine akauliza, polepole, “Kwa hiyo mama hakunikataa?”

Nikamwambia, “Hakuulizwa.”

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo. “Subiri” yangu alikuwa ameielewa kuwa ni hapana yako. Alikuzika akiamini umemkataa hadi mwisho. Alilia mpaka mtoto naye akalia, na Gaspard akamchukua mtoto akaenda kumwonyesha kuku wa jirani, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Hakuna aliyetaja kugawana tena.

Matuta yako sasa ni ya Claudine. Anakuja mara mbili kwa wiki kutoka Nyamyumba. Ana mikono yako, anang'oa magugu kwa hasira kama wewe. Mtoto anaitwa Keza, anatembea akishika fimbo za maharagwe, na juzi alikula udongo tukacheka sote. Claudine anamsalimia kila mtu. Mimi ananipita.

Jumanne iliyopita alisimama karibu na tuta langu, akauliza bila kuniangalia, “Mama alikuwa anaachanisha vitunguu namna gani?” Nikanyoosha vidole vinne juu ya udongo. Akapima kwa vyake, akarudi kwake. Ndiyo hayo tu aliyoniambia tangu siku ile, nami nimeyabeba wiki nzima.

Sheria ya mlangoni nimeiondoa. Siku hizi watu wanaingia na mambo yao, wanagombana, wanalia juu ya majani ya sombe. Kazi inachelewa. Ungekasirika sana. Nivumilie.

Nisamehe, rafiki yangu. Siku nzuri niliyoitafuta ilikuwa yoyote kati ya zile ishirini na moja.

Nakuahidi hivi. Maadamu nashika nafasi hii, hakuna atakayeyagusa matuta ya binti yako. Keza akikua na kuuliza bibi yake alikuwa mtu gani, nitamwambia, na ukali wako pia nitamwambia. Claudine sitamharakisha. Kila akija atanikuta nipo. Akitaka kuniuliza nitamjibu siku hiyo hiyo, na asipotaka, nitalima.

Pumzika, Devota.

Mwenzako,
Mama Sauda