Maharagi Ndani ya Shavu

Kitshanga, mwezi wa kumi na moja 2008

Mama yangu mupenzi Kahambu,

Nakusalimia kwa heshima ya mutoto mbele ya muzazi wake, na nakushika mikono yote mbili. Uko muzima? Ule mugongo wenye kukusumbua ukikaa sana sokoni, umepoa kidogo? Na Papa Katembo, kikohozi chake kimemuachilia? Mimi Kavira wako niko napumua, namushukuru Mungu. Edmond naye anakusalimia. Ameketi hapa pembeni yangu, anaangalia kalamu namna inatembea, na anasema nikuambie kwamba meno yake ya mbele imeisha kuota, hayuko tena kibogoyo kama ulivyomuita.

Barua yako Mbusa mwenye pikipiki aliniletea, imeloana kona lakini yote inasomeka. Nilifurahi sana kuona mwandiko wako. Unasema umepata kitambaa cha buluu chenye ndege wadogo, na unataka kumushonea Estelle robe ya Noeli, nikutumie uzi wa kipimo chake. Nilikumbuka namna ulikuwa unatupimaka sisi wote: uzi chini ya kisigino, unaupandisha mpaka utosini, unafunga fundo, fundi anashona bila kumuona mutoto. Uzi uko ndani ya bahasha hii. Lakini nakuomba, Mama, usiutoe kwanza. Soma mpaka mwisho. Unajua masomo yangu ilikatikia njiani, nikianza habari kwa mukia nitapotea.

Habari ya bwana yangu Isidore uliisikia nusu. Tulipokimbia Karuba, maharagi ilikuwa ingali shambani, imekomaa. Hapa kambini tukalala chini ya shitingi za plastiki, tukakula majani ya viazi ya watu, mpaka Isidore akasema yeye hawezi kusikia njaa ya watoto na maharagi yake inaozea mulimani. Akarudi kuvuna. Wenye walikuwa naye wanasema wenye bunduki waliwakuta shambani, wakachagua wanaume wenye nguvu kwa kubeba mizigo, na yeye alikuwa kati yao. Kutoka ile siku, hakuna mwenye kuniambia kitu. Papa alikuwa anasema nimekataa watoto wa wafanyabiashara nikaolewa na muntu wa maharagi tu. Umwambie kwamba ni kweli, alikuwa muntu wa maharagi, na sasa njo nimejua maana yake.

Nikabaki na watoto. Nilianza kulimia watu mashamba kule juu ya Kitshanga, kutoka asubuhi mpaka jua kuinama, na wakati mwingine walinilipa viazi vidogo vya mabaki tu. Estelle akaanza kuvimba. Kwanza miguu, kisha uso, mpaka wageni wanasema ona mutoto amenona. Nywele zake zikageuka nyepesi, rangi ya ndevu za mahindi. Mama Mukashema, mupishi wa ku masomo, jirani yangu wa kibanda, njo aliniambia bila kuzunguka kwamba hii si kunona, ni bwaki, ugonjwa wa watoto wenye kukosa chakula.

Sasa nikuelezee hii masomo. Iko ya parokia, na kuna watu wa Kanisa wenye kutoa chakula bure kwa watoto maskini, wanaita kazi yao Sahani ya Mutoto. Mukubwa wao hapa ni mutawa, Masœur Adelaïde, muntu mwembamba, mwenye kutembea haraka kama anafukuza kuku. Saa sita kila mutoto anapata bugari ya mahindi, na maharagi. Mutoto halipi kitu. Analeta tu kuni moja asubuhi, anaitupa kwenye jiko, njo mchango wake. Edmond alikuwa anaamka mapema kutafuta kuni yake, na kama amekosa ya maana, anabeba hata kijiti cha kuchokonoa meno, akatupa na kiburi.

Lakini sheria yao ilikuwa ngumu. Chakula kinakuliwa pale pale, sahani zinaoshwa pale pale, na mwalimu anasimama mulangoni kuangalia mikono na mifuko. Si roho mbaya, Mama. Mwanzoni watoto walikuwa wanabeba nyumbani, na wenye bunduki wakajifunza kuwangojea njiani. Na wadogo kama Estelle, wenye hawajafikia kalasi ya kwanza, hawakuwa na sahani, kwa sababu magunia yalipimwa kwa wanafunzi.

Siku moja mwalimu Floribert akaniita. Niliacha jembe shambani kwa watu, nikaenda na matope miguuni. Akanambia: “Mama Edmond, mutoto wako asubuhi anasoma kama padiri. Kisha kula chakula anakuwa bubu. Ninamuuliza, ananiangalia tu. Ananizarau.” Alikuwa amemuchapa mikononi siku nyingi, na mutoto hakutoa hata sauti ya kulia. Nilimugeukia Edmond, nikamuuliza ni nini. Machozi yalishuka, mudomo haukufunguka. Niliogopa, Mama. Niliwaza labda muntu amemufunga sauti kwa dawa.

Masœur Adelaïde akatoka jikoni, mikono ingali na unga. Hakumukaripia. Alichuchumaa, akaweka kiganja chini ya kidevu chake, akasema atoe. Edmond akakaza. Akaniangalia mimi, kama muntu mwenye kuomba nimusaidie kulinda kitu. Kisha ikamushinda, ikaanguka kwenye kiganja cha Masœur: maharagi, nzima nzima, hata moja haikutafunwa. Alikuwa anaiweka ndani ya shavu tangu saa sita, anaketi nayo kalasini mpaka kengele, anapita mulangoni mikono mitupu, anashuka kilima chote mpaka kibandani, anamutilia dada yake mudomoni kama ndege. Njo nikaelewa kwa nini Mama Mukashema alikuwa ananiambia kwamba Estelle haondoki mulangoni mpaka kaka yake arudi, anakaa tu mudomo wazi.

Mwalimu Floribert aliangalia fimbo yake, akaenda kuitupa kwenye jiko. Mama Mukashema akaigeuza na kijiko cha bugari, akasema hii njo kuni ya kwanza mwalimu ameleta tangu mwaka uanze. Kisha akamushika Edmond shavu, akasema Wanande wa biashara tunawajua, huyu ameisha kufungua depo mudomoni na hata patente ya kuuzisha hajalipa. Tulicheka, Mama, na huku tunalia.

Masœur akasema neno moja tu: “Kesho utamuleta. Na kijiko chake.”

Sheria yake aliivunja yeye mwenyewe. Estelle akawa anaketi mapajani mwa Mama Mukashema karibu na moto, anakula ile inayobaki chini ya sufuria, na wakati mwingine Masœur alimumiminia sahani yake mwenyewe, akajifanya kwamba amefunga. Uvimbe ukaanza kushuka. Akaanza kucheka. Akajifunza kuomba baraka ya chakula mbele ya watoto wakubwa, anachanganya maneno, anasema utupe leo maharagi yetu ya kila siku, na Masœur hakumusahihisha. Kama barua yako ingefika ile wiki, ningekutumia uzi wake mara moja.

Halafu vita ikashuka barabarani. Kamiyo za Goma, zenye kuleta magunia, hazikupanda tena. Mama Mukashema akaongeza maji, maharagi ikawa ya kutafuta ndani ya sufuria. Kisha siku ya mabomu, tukalala wote ndani ya kanisa tukifunika watoto, na tulipotoka depo ya chakula ilikuwa wazi, hata magunia matupu yameenda. Masomo ikafungwa. Kituo cha sante kilikuwa kimefungwa pia, waganga wamekimbilia njia ya Mweso. Masœur hakukimbia. Alizunguka kibanda kwa kibanda na majani na chumvi, akawa anaomba kwa wenye ng’ombe maziwa ya Estelle. Siku moja alipata. Siku zingine alirudi na chupa tupu, na alikuwa anapita mbali na kibanda chetu ili mutoto asione chupa.

Mama, hapa nimeacha kalamu, nikaenda kuangalia moto, nikarudi. Nitasema sasa.

Estelle hayuko. Bwaki ilirudi na kuhara, na hakuwa na nguvu ya kupigana na mbili. Alikata roho mikononi mwangu siku ya Mungu, asubuhi, watu wangali wanaimba kanisani. Tulimuzika nyuma ya kambi, kwenye mikaratusi, na Masœur njo aliomba. Nilimufunga na kitenge kile ulinipa siku ya kuolewa. Kijiko chake sikukizika. Usinikasirikie kwamba sikukutumia habari mbele. Simu haipiti huku, na kuandika jina lake na neno lile pamoja, mukono ulikataa.

Na iko habari ingine, ya kukaa karibu na hiyo. Niko na mimba. Ni ya Isidore, usiwe na wasiwasi hata kidogo, aliniachia mbele ya kurudi Karuba, na mimi mwenyewe nilikuwa sijajua. Sikumuambia muntu. Nilikuwa nafunga kitenge juu juu, kwa sababu ya midomo ya watu, na kwa kuona aibu kuleta tumbo mahali kwenye sahani ilikosa.

Wiki iliyopita kamiyo moja ilipita, masomo ikafunguliwa. Edmond akaenda na kuni yake. Jioni niliona anashuka kilima polepole, mudomo umefungwa. Yeye alikuwepo mikaratusini, Mama. Alitupa udongo na mukono wake. Niliogopa akili imemupotea. Akafika mpaka mbele yangu, akasimama, akangoja. Nikafungua kiganja, akaitoa yote, nzima nzima kama zamani. Nikamuambia mwanangu, unajua kwamba dada yako hayuko. Akasema:

“Najua. Hii ni ya mwenye iko ndani. Kula, mama.”

Kumbe kitenge changu hakikumudanganya. Aliniangalia mpaka nikameza ya mwisho. Kila siku ya masomo ni vile. Nilimuambia Masœur sasa, tumbo na yote, na ameniweka jikoni na Mama Mukashema, kuosha sahani, nakula pale. Lakini Edmond haniamini, anasema watu wa jikoni wanadanganyaka. Anaendelea kuleta, na mimi naendelea kufungua kiganja. Mwalimu Floribert, kisha kula chakula, hamuulizi tena kitu.

Unaniita Butembo. Njia ikifunguka nitakuja, sikatai. Lakini nataka kuzalia hapa, kwa sababu Isidore akitoka porini, huku njo atatutafuta. Naamini atatoka. Kitambaa cha ndege usikiuzishe, kitatumika kumupokea mutoto. Na Edmond umushonee kaptula, yake imetoboka matakoni.

Sasa unaweza kutoa uzi. Nilipima Edmond, kisigino mpaka utosini, nikafunga fundo moja. Alipoona nataka kuutia bahashani akaninyanganya. Akausimamisha mbele yake, akajishika kifuani, akafunga fundo la pili yeye mwenyewe. Akasema Estelle alikuwa anafika hapa.

Fundi akisha kupima, mwambie asifungue lile la chini.

Umusalimie Papa Katembo, wadogo zangu wote, na majirani wa soko wenye kunikumbuka. Mama Mukashema anakutolea mbote bila kukujua. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mutoto wako mwenye kukupenda,

Kavira, Mama Edmond na Estelle