Shamba la Juu Lilikuwa Zima

Kamembe, Jumatatu 6 Mei 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Na Maman, bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Kwenye orodha ya msaada wa mafuriko ninayoichapa hapa ofisini nimekuta jina lako: Ndayambaje, mashamba mawili ya mpunga, yote yamekwenda na maji. Papa, jana si nilikuwa huko? La chini limezama, kweli. La juu ni zima, mpunga umeanza kuinama kwa kuiva. Ijumaa wakaguzi watashuka Bugarama kupiga picha kila shamba. Wakilikuta limesimama watauliza orodha kaiandika nani, na sahihi ni yangu. Watasema nimeiba kwa ajili ya baba yangu. Naogopa kufungwa.

Simu yako imeharibiwa na maji, kwa hiyo barua nampa Rukundo wa minibasi. Nenda ukasahihishe, tafadhali sana.

Binti yako,
Ikirezi

Bugarama, Jumatano 8 Mei

Mwanangu Ikirezi,

Salamu. Maman hajambo, kifua changu kinabana kidogo.

Sikupanga kudanganya. Aliyekuja kutuandikisha alikuwa na haraka, akauliza, "Yote mbili?" Mstari mzima walikuwa wanasema yote, nami nikasema yote. Tangu hapo chakula hakishuki. Nikienda kusahihisha sasa, wataona jina la binti yangu chini ya karatasi, na kazi yako itakuwa imekwisha. Wewe kaa kimya. Ijumaa watakuta kama ilivyoandikwa.

Papa yako

Kamembe, Alhamisi 9 Mei, asubuhi

Papa,

Nisamehe, leo sina salamu. "Watakuta kama ilivyoandikwa" maana yake nini?

Nimemwambia chef, mkubwa wetu wa ofisi, kila kitu. Hata hakunifokea! Amesema makosa kama hayo ni mengi, kesho wakaguzi watalifuta shamba la juu kwa kalamu, basi. Usiguse kitu, Papa. Minibasi ya Rukundo iko gereji, na mtu mwingine wa kumwamini sina. Namwomba Mungu aitengeneze leo.

Ikirezi wako

Bugarama, Jumamosi 11 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeipata leo. Imechelewa.

Alhamisi mchana nilifungua mlango wa maji kwenye mfereji. Nilitaka shamba langu la juu tu lizame, ili wewe uwe salama. Maji yakavunja tuta, yakaingia kwa Mukansanga, yule mjane jirani yetu. Mpunga wake wote umelala. Mafuriko ya kwanza hayakumgusa, kwa hiyo hayumo kwenye orodha.

Wakaguzi walikuja jana. Walikuwa wameambiwa wafute shamba la juu, lakini walipoona maji wakaliacha kwenye orodha. Mukansanga walimpita amesimama kwenye matope, hawakumpiga hata picha. Yeye anadhani ni mto umerudi. Jioni akaniletea sahani ya maharage, akasema, "Mzee, maji imetuua sisi bote, kula." Nikala mbele yake, mwanangu. Sijawahi kuogopa muntu kama nilivyomwogopa yule mama.

Jumatatu nitakuja naye huko ofisini. Sijamwambia sababu. Nitasimama mbele ya meza yako. Usiniite Papa. Niulize jina kama unavyowauliza wengine, kisha andika nitakayosema juu ya ule mlango wa maji.

Papa yako